Tarehe ya Msiba na Deni Lake

Wanadamu huhesabu siku kwa sababu nyingi. Mkulima huhesabu apate kujua majira ya kupanda; mdai huhesabu asidhulumiwe haki yake; mfungwa huhesabu asije akakata tamaa. Mataifa nayo huhesabu. Lakini taifa halihesabu siku zake zote. Huchagua chache katika nyingi, likazitia alama, likawafundisha watoto wazitunze. Uchaguzi huo si jambo dogo, kwa maana taifa linapoamua siku ipi isisahauliwe, linaamua pia litakuwa watu wa namna gani. Hapo ndipo linapozuka swali la maadili: tarehe ya msiba humdai nini mtu aliyefikwa na msiba, na huwadai nini wazao wake? Je, hudai machozi, au kisasi, au kitu kingine kilicho kigumu kuliko hivyo viwili?

Ni machache katika mataifa ya kale yaliyolikabili swali hili waziwazi kama Waisraeli. Nchi yao ilikuwa ndogo, nayo ilikuwa njiani, Misri upande mmoja, Ashuru na Babeli upande wa pili. Kila mfalme mkubwa aliyetaka kumpiga mwenzake alipita juu yao. Kwa sababu hiyo tarehe zao nyingi ni tarehe za kushindwa, na mtu akizipanga kwa safu huona kama asomaye daftari la hasara. Ajabu ni kwamba daftari hilo walilitunza wao wenyewe, wala hawakulificha.

Tarehe ya kwanza ya Israeli ipatikanayo katika maandiko ya mtu asiye Mwisraeli ni tangazo la kifo. Yapata mwaka wa 1208 K.K. Farao Merneptah aliamuru ushindi wake uchongwe katika jiwe. Miongoni mwa aliojisifu kuwavunja katika nchi ya Kanaani aliwataja Israeli, akatangaza kuwa wameteketea na mbegu yao haipo tena. Jiwe hilo lilifukuliwa Thebes katika mwaka wa 1896. Zaidi ya miaka mia tatu baada ya Farao huyo, Mesha mfalme wa Moabu naye alichonga jiwe lake, lililoonekana Dhiban katika mwaka wa 1868, akaandika kuwa Israeli imeangamia milele. Basi watu hawa walikwisha kuzikwa mara mbili kwa patasi za adui zao, hali bado wanalima na kuoana. Kalamu ya mshindi ina haraka ya kuzika. Huandika mwisho wa mwenzake kwa sababu hupenda uwe mwisho, si kwa sababu mwisho umefika.

Walakini si haki kudharau hesabu ya wenye nguvu, kwa maana bila hiyo miaka ya wanyonge isingejulikana vema. Waashuri walikuwa na desturi ya kuupa kila mwaka jina la mkuu mmoja wa serikali, wakayaandika majina hayo kwa mfuatano. Katika orodha yao, mwaka mmoja umetiwa alama kuwa jua lilipatwa. Wataalamu wa nyota wamepiga hesabu, wakaona kuwa ilikuwa tarehe 15 Juni 763 K.K. Kutoka katika giza hilo la saa chache miaka mingine huhesabiwa mbele na nyuma, kama fundi apimaye ukuta mzima kutoka katika kigingi kimoja. Ndivyo ijulikanavyo kuwa katika mwaka wa 853 K.K. Shalmaneseri wa Tatu alipigana na wafalme waliofanya shauri moja huko Karkari, katika nchi ya Shamu. Mmoja wao alikuwa Ahabu wa Israeli, na mwandishi wa Ashuru anamhesabia magari ya vita 2,000 na askari 10,000.

Hiyo ni tarehe ya hakika kuliko nyingi zilizoitangulia. Walakini Biblia haiitaji Karkari hata kwa neno moja. Habari za Ahabu zimeandikwa kwa urefu, lakini magari yake 2,000 hayamo. Iliyomo ni habari ya Nabothi, mtu wa Yezreeli, aliyekuwa na shamba la mizabibu kando ya jumba la mfalme. Mfalme alilitamani shamba. Nabothi alikataa kuuza urithi wa baba zake. Zikaandikwa barua, zikatiwa muhuri wa mfalme, wakapatikana mashahidi wawili wa uongo, Nabothi akapigwa mawe akafa. Mwaka wa jambo hili haukuandikwa. Mtu ataweza kuuliza, ni lipi kati ya mawili haya lililo historia ya kweli ya enzi ya Ahabu? Mwandishi wa Ashuru angesema vita. Mwandishi wa Israeli alisema shamba. Yeye alihukumu kuwa mfalme hupimwa kwa jinsi alivyomtendea jirani asiye na gari hata moja, wala si kwa wingi wa magari yake.

Jambo hili huonekana kwa nguvu zaidi katika tarehe iliyo kuu kuliko zote kwa Waisraeli, yaani kutoka kwao Misri. Tarehe hiyo haina mwaka ulio thabiti. Farao wa habari ile hakutajwa jina. Kitabu cha Wafalme kinasema kuwa Sulemani alianza kujenga hekalu katika mwaka wa 480 baada ya kutoka Misri, na hesabu hiyo humpeleka msomaji katika karne ya 15 K.K.; lakini wataalamu wengi huona kuwa 480 ni 40 mara 12, hesabu ya vizazi kumi na viwili, wakapendelea karne ya 13. Wengine hushuku kama ulikuwa msafara mmoja mkubwa. Ubishi huo haujakwisha.

Hata hivyo, juu ya siku hiyo isiyo na mwaka imejengwa amri ambayo haikujengwa juu ya Karkari wala juu ya ushindi wowote. Torati inawakataza Waisraeli kumwonea mgeni, na sababu inayotolewa ni kuwa wao wenyewe walikuwa wageni katika nchi ya Misri na wanaujua moyo wa mgeni. Amri hiyo na sababu yake hurudiwa mara nyingi. Kitabu kimoja kinachoitia mkazo kimepewa katika Kiswahili jina la Kumbukumbu la Torati, na jina hilo limekipata, kwa maana ndani yake sheria na kumbukumbu ni kitu kimoja. Mtu hakuagizwa akumbuke utumwa apate kuwachukia Wamisri. Katika kitabu hicho hicho amekatazwa kumchukia Mmisri. Ameagizwa akumbuke ili mtumwa wake mwenyewe apumzike siku ya saba, na ili mavuno yaliyosahauliwa shambani yawe ya mgeni, yatima na mjane.

Ikiwa hivyo, je, ukweli wa miaka hauna maana? La, una maana. Taifa lijiruhusulo kubuni tarehe kwa manufaa yake litajiruhusu pia kubuni haki. Lakini kuna kweli mbili zisizopaswa kuchanganywa. Moja ni ya hesabu: jambo lilitukia lini. Ya pili ni ya wajibu: jambo hilo linamtaka mtu atende nini leo. Mtu aweza kuijua ya kwanza hata kwa siku na saa, na bado akawa kipofu katika ya pili.

Mwaka wa 701 K.K. ni mfano mwema wa kweli hizi mbili zikisimama pamoja. Ufalme wa kaskazini ulikwisha kuanguka. Samaria ilitekwa karibu na mwaka wa 722, na Sargoni wa Pili alijisifu kuwahamisha watu 27,290. Sasa Senakeribu alishuka juu ya Yuda. Katika kumbukumbu zake anasema aliitwaa miji 46 yenye maboma, akamfungia Hezekia ndani ya Yerusalemu kama ndege aliye kizimbani, akapokea kwake talanta 30 za dhahabu na 800 za fedha. Kitabu cha Wafalme kinasema dhahabu ilikuwa talanta 30 na fedha 300. Katika fedha maadui hawa wawili hawapatani, lakini katika dhahabu wamekubaliana hata kwa talanta moja. Senakeribu hasemi kuwa aliingia Yerusalemu, kwa sababu hakuingia. Na Yuda hawakuficha kuwa mfalme wao alikiri kosa, akabandua dhahabu ya milango ya hekalu kumpa adui. Hapo mshindi amenyamaza palipomwaibisha, na mnyonge amesema palipomwaibisha.

Zaidi ya miaka mia moja ikapita, Ashuru ikaanguka, na Babeli ikashika nafasi yake. Kibao cha udongo cha Wababeli, kilichochapishwa katika mwaka wa 1956, kinaeleza kuwa Nebukadneza aliutwaa mji wa Yuda siku ya pili ya mwezi wa Adari, mwaka wa saba wa enzi yake. Kwa hesabu ya leo ni tarehe 16 Machi 597 K.K. Mfalme kijana, Yehoyakini, alichukuliwa. Na vibao vingine vilivyofukuliwa Babeli vinaorodhesha posho ya mafuta aliyopewa yeye na wanawe watano. Mtu aliyekuwa mfalme amekuwa mstari katika daftari la ghala.

Kisha ikaja siku ya msiba wenyewe. Sedekia aliasi, mji ukahusuriwa, njaa ikaingia, ukuta ukabomolewa, hekalu likachomwa moto. Hapo kumbukumbu za Babeli zilizobaki zimekatika. Sehemu ya miaka hiyo imepotea. Wataalamu hugawanyika kati ya mwaka wa 587 na 586, kwa sababu haijulikani kama mwandishi alianza mwaka katika masika au katika vuli. Hata siku ina maneno mawili: Kitabu cha Wafalme kinataja siku ya saba ya mwezi wa tano, na Kitabu cha Yeremia kinataja siku ya kumi. Mapokeo ya Wayahudi yalikaa katikati, katika siku ya tisa ya mwezi huo, ambao ni mwezi wa Abu. Siku iliyoliliwa kuliko zote ndiyo hiyo isiyotulia katika hesabu. Yamkini hilo si la kustaajabisha. Nyumba inapoungua, wenye nyumba huokoa watoto kwanza, ndipo huulizana ilikuwa saa ngapi.

Waliosalia waliweka saumu nne. Katika mwezi wa kumi walifunga kwa siku mji ulipoanza kuhusuriwa. Katika mwezi wa nne, kwa kubomolewa ukuta. Katika mwezi wa tano, kwa kuchomwa hekalu. Tatu hizo ni za makosa ya adui. Saumu ya nne, ya mwezi wa saba, ni ya namna nyingine. Ni kwa ajili ya Gedalia mwana wa Ahikamu, ambaye Wababeli walimweka kuwaangalia maskini waliobaki nchini. Gedalia aliwashauri watu wavune divai na mafuta wakae kwa amani. Akaonywa kuwa Ishmaeli mwana wa Nethania, mtu wa ukoo wa kifalme, ataka kumwua, hakusadiki. Ishmaeli akaja Mispa na watu kumi, wakala chakula pamoja, nao wakainuka wakamwua mezani. Mikono iliyomwua haikuwa ya Mbabeli.

Watu hawa wangeweza kuifuta siku hiyo. Wangeweza kusema kuwa moto wa adui umetosha, na kwamba si wakati wa kutaja ubaya wa ndugu. Badala yake waliuweka mwezi wa saba katika safu moja na mwezi wa tano, kama wasemao kuwa mwenye kulia kwa yaliyotendwa juu yake hana haki ya kunyamazia yaliyotendwa na wake. Hilo ni somo la kwanza la tarehe za Israeli, nalo ni chungu. Kumbukumbu isiyo na saumu ya nne si kumbukumbu, ni mashtaka tu.

Miaka ilikwenda. Katika mwaka wa 539 K.K. Koreshi wa Uajemi aliitwaa Babeli, na waliohamishwa wakapata ruhusa ya kurudi. Katika mwaka wa 520 ujenzi wa hekalu ulianza tena. Mawe yalipokuwa yakipanda, watu wa Betheli walituma wajumbe Yerusalemu kuuliza swali. Siku yenyewe imeandikwa: ya nne ya mwezi wa tisa, katika mwaka wa nne wa Dario, nayo ni Desemba 518 K.K. Waliuliza kama yawapasa bado kulia katika mwezi wa tano, kama walivyofanya miaka hiyo mingi. Ni swali la watu waliochoka. Karibu miaka sabini imepita. Wengi wa wanaofunga hawakuuona moto. Hekalu linajengwa. Je, machozi yana mwisho?

Kila lugha ina majibu yake kwa swali hilo, na Kiswahili kina mawili yasimamayo kama mawakili wa pande mbili. La kwanza husema, yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. La pili hujibu, mwenye kovu usidhani kapoa. Wa kwanza ana hoja: ajengaye hawezi kushika jiwe kwa mkono mmoja na kufuta machozi kwa mwingine. Wa pili naye ana hoja: aghalabu anayehimiza yaliyopita yasahauliwe ni yule aliyeyatenda.

Jibu lililotoka kwa nabii Zekaria halikumfuata wakili wa kwanza wala wa pili. Kwanza aliwageuzia wajumbe swali: siku zote hizo walizofunga, walimfungia nani? Maana yake ni nzito. Huzuni nayo yaweza kuwa njia ya kujipenda. Mtu aweza kulia kila mwaka na katika kulia kwake asimwone mwingine ila yeye mwenyewe. Kisha akawakumbusha maneno yaliyosemwa na manabii wa kwanza, mji ulipokuwa bado una watu na amani: kuhukumu kwa haki, kuhurumiana, kutomdhulumu mjane, yatima, mgeni wala maskini. Mwisho akasema kuwa saumu zile nne zitageuka kuwa sikukuu za furaha, kwa hiyo wapende kweli na amani. Waliuliza kufunga au kutofunga. Hakusema wafunge, wala hakusema waache.

Kwa jibu hilo tarehe ya msiba imekuwa hati ya deni, lakini deni la ajabu. Katika madeni ya kawaida aliyedhulumiwa ndiye mdai. Hapa aliyedhulumiwa amekuwa pia mdaiwa, na wanaomdai ni wanyonge wa mlangoni pake. Mtu mwenye akili ataona ugumu: je, ni haki kumtwika mzigo zaidi aliyekwisha kubeba mzigo? Huo si kama kumwambia aliyepigwa kuwa ana kosa?

Ugumu huu ni wa kweli, na Waisraeli wenyewe waliuona. Waandishi wao walipozoea kusema kuwa msiba ulikuja kwa dhambi za baba zao, watoto walilalamika kuwa baba wamekula zabibu chungu na meno ya watoto yamekufa ganzi. Ezekieli, aliyekuwa mmoja wa waliohamishwa, aliikataa mithali hiyo: kila mtu atajibu kwa lake. Na manabii waliowakaripia ndugu zao hawakumwachilia adui, bali walimwandikia Mwashuri na Mbabeli hukumu ya ukatili wao. Kwa hiyo deni linalosemwa hapa si la hatia. Ni deni la maarifa. Aliyeunguzwa hakuwasha moto, lakini anaujua moto kuliko wengine, na anayeujua hana udhuru wa kuuwasha katika nyumba ya mwenzake, wala wa kupita kimya nyumba hiyo inapowaka.

Wala mtu asidhani kuwa Waisraeli walilipa deni hilo siku zote. Miongoni mwa nyimbo za uhamisho umo mmoja unaoanza kwa machozi kando ya mito ya Babeli na kuishia kwa kutamani watoto wachanga wa adui wauawe. Haukufutwa. Umebaki kama kovu lililo wazi, ushahidi kwamba siku ile ile moja yaweza kuzaa sheria ya kumpenda mgeni na kiu ya damu ya mtoto. Kuikumbuka tarehe hakumfanyi mtu kuwa mwema. Humweka njia panda tu.

Hekalu la pili lilimalizika katika mwaka wa 515 K.K., nalo likachomwa na majeshi ya Tito katika mwaka wa 70 B.K., katika mwezi ule ule wa tano. Katika mwaka wa 135 Warumi waliuvunja mji wa Betari, na mapokeo yakauweka msiba huo nao katika siku ya tisa ya Abu. Kwa hiyo saumu ya mwezi wa tano haikugeuka sikukuu. Wayahudi wangali wanaifunga mpaka leo. Merneptah na Mesha, waliotangaza mwisho wa Israeli, hawana wa kuwafungia saumu, na mawe yao hutazamwa na wageni katika nyumba za makumbusho.

Lakini kudumu si ushindi wa mwisho, maana hata chuki hudumu. Swali la watu wa Betheli limebaki katika kila taifa lenye siku yake ya moto, nalo haliwezi kujibiwa katika siku ya saumu yenyewe. Siku hiyo kila mtu hulia, mwema na mbaya, na machozi yao hayatofautiani. Jibu hupatikana kesho yake asubuhi, mlango unapofunguliwa na mgeni akakutwa amesimama nje.